Kabla Hujakata Mkono wa Klachi

"Nikate, Bibi Shamba?"

Mkono wa klachi wa pikipiki yangu ulikuwa umebanwa kwenye jiriwa, umezungushiwa kipande cha mpira wa tyubu usije ukachubuka. Fundi alikuwa ameshachora mstari kwa ncha ya msumari, upana wa vidole viwili kutoka mwisho, na meno ya msumeno wa chuma yalikuwa yamepita juu ya mstari huo mara moja. Chembe za aluminiamu ziling'aa juu ya meza iliyokuwa nyeusi kwa oili.

Nikamwambia asubiri.

Sikuwa na sababu ya kumpa. Macho yangu yalikuwa kwenye kile kidonge cha mviringo kilicho mwishoni mwa mkono, ambacho punde tu kingekuwa sakafuni. Miaka yote ninayoendesha sijawahi kujiuliza kiliwekwa pale kwa kazi gani. Aliyeiunda pikipiki alijisumbua kukiweka, na mimi nilikuwa nakaribia kulipa hela kitolewe.

Fundi akaufungua bila kununa, akaurudisha mahali pake, akapokea hela ya soda. Nikapanda zangu kwenda Magamba na mkono mrefu uleule.

Tangu siku hiyo, kila nikikamata klachi, swali linarudi.

## Ncha za vidole

Wenzangu wa ugani, hasa wanawake, hawahitaji maelezo marefu hapa. Mwaka 2022 Serikali ilipogawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchi nzima, kila mtu alipokea iliyokuwepo. Hakuna aliyepimwa kiganja, na sikutarajia kupimwa. Nilishukuru, na bado nashukuru. Anayekumbuka kupanda milima ya Usambara kwa miguu na begi la mbegu mgongoni anajua ninachosema.

Lakini viganja vyangu ni vidogo. Nikishika mpira wa usukani vizuri, gumba likiwa limezunguka, kinachoufikia mkono wa klachi ni kiungo cha mwisho cha kidole. Kuvuta kwa ncha za vidole inawezekana kwenye lami ya Soni, unakobadilisha gia kwa raha. Kwenye njia ya udongo wakati wa masika, gia namba moja, tairi la nyuma linatafuta pa kukanyaga, unahitaji kuikamata klachi na kuiachia kidogo kidogo mfululizo, na hapo ncha za vidole zinachoka upesi. Baridi ya Julai ikiingia, zinachoka kabla hujafika popote.

Upande wa kulia ni hatari zaidi. Ili niufikie mkono wa breki ya mbele inabidi kiganja kisogee mbele, na kikisogea, eksileta inasogea nacho. Yaani sekunde ileile ninayotaka kusimama, injini inapata mafuta zaidi.

Ushauri nilioupata kila mahali ulikuwa mmoja: weka mifupi.

## Mkono mwekundu wa kijiweni

Pale kijiweni mjini Lushoto kuna kijana ana pikipiki iliyopambwa kuliko bibi harusi. Mikono yake ya breki na klachi ni mifupi, myekundu, imechongwa kwa mashine, na kila mmoja una kigurudumu kidogo chenye namba 1 hadi 6 karibu na kiungo. Aliniruhusu nikae nijaribu.

Vidole vyangu vilifika. Vyote, hadi kiungo cha pili, bila kiganja kusogea.

Nikashuka nikiwa nimeshaamua. Ni mifupi, basi, na kama siwezi kununua kama yake, wangu utakatwa. Ndipo nikaenda kwa fundi, na ndipo yakatokea yale ya jiriwa.

Siku nyingine nilirudi kijiweni nikamwomba kitu ambacho alikiona cha ajabu: akizungushe kile kigurudumu hadi mwisho wa upande wa pili. Akakizungusha. Nikakaa tena, nikanyoosha vidole, nikagusa kwa ncha tu.

Mkono ulikuwa mfupi vilevile, mwekundu vilevile, na ulikuwa mbali na vidole vyangu kama wa kwangu.

Ufupi haukuwa umenisaidia chochote. Kilichonisaidia ni kigurudumu, kwa sababu kinausogeza mkono karibu na mpira wa usukani. Urefu wa mkono, kutoka kwenye bolti hadi kwenye kidonge, ni jambo moja. Umbali wake kutoka kwenye kiganja ni jambo lingine. Shida yangu ilikuwa ya umbali, na mimi nilikuwa nakwenda kukata urefu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba ushauri mwingi tunaopeana vijiweni ni sahihi kwa pikipiki ya mtu mwingine.

## Mizani ya viazi

Fundi alikuwa na hoja nyingine: "Ukiukata unakuwa mwepesi." Nami nina mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, ninayoitumia kupimia magunia madogo ya sampuli. Nikaamua kuitia kazini.

Niliizima pikipiki, nikaiweka stendi kubwa, nikatia ndoano kwenye ncha ya mkono wa klachi na kuvuta hadi mwisho. Karibu kilo 6. Nikasogeza ndoano hadi pale kinapokaa kidole changu cha shahada. Kilo 9 na nusu. Waya ni uleule, klachi ni ileile, ila sehemu ya kuvutia imesogea.

Ukishaona hivyo, rula inamalizia maelezo. Kwenye mkono wangu, kutoka katikati ya bolti ya kiungo hadi tundu inamokaa ncha ya waya ni milimita 30. Kutoka bolti hiyohiyo hadi mwisho wa mkono ni milimita 150. Kwa hiyo anayevuta mwishoni nguvu yake inazidishwa mara tano. Kidole cha shahada, kilicho milimita 95 hivi kutoka kwenye bolti, kinazidishiwa mara tatu na kidogo. Ni kama kusukuma mlango mzito: jaribu kuusukuma karibu na bawaba uone.

Sasa kata vidole viwili kutoka mwisho. Umeondoa sehemu nyepesi kuliko zote. Vidole vya shahada na cha kati vinabaki palepale vilipokuwa, na uzito wao uleule. Kidole cha pete na cha mwisho havina tena pa kushika. Klachi haijapungua uzito hata gramu moja. Waliokuwa wanaivuta ndio wamepungua.

Fundi wangu si mwongo. Ameona watu wanaofunga mikono mifupi wakifurahi, na furaha yao ni ya kweli. Ila wengi wao wanafunga mipya, na mpya huja na bolti isiyokuwa na vumbi, na pengine waya mpya pia.

## Mifupi ilizaliwa wapi

Nilipoacha kuitafutia mikono mifupi sababu yangu, nikaanza kuona sababu yake yenyewe.

Pikipiki za mbio zina breki ya diski inayosukumwa na oili. Pale vidole viwili vinatosha, tena vinatosha kupita kiasi, na vile viwili vinavyobaki vinatakiwa vibaki vimeshika usukani. Mkono ukiwa mrefu, ukiuvuta kwa vidole viwili unakuja kuvibana vile vingine viwili kabla haujafika mwisho. Dereva anafinya vidole vyake mwenyewe. Ndiyo maana ukafupishwa: kuvipisha vidole vinavyoshikilia.

Ni sababu nzuri kabisa. Ila si sababu yangu.

Na kile kidonge? Kina kazi mbili. Kwanza kinazuia vidole visiteleze na kutoka nje ya mkono, hasa ukiwa na matope. Pili, na hii ndiyo iliyonifanya niinuke kwenye kiti, ni kwa ajili ya kuanguka. Fimbo ya chuma yenye ncha kali iliyoelekezwa nje ya usukani inaweza kuingia mwilini mwako au mwa mtu unayegongana naye. FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki, katika kanuni zake za mbio za barabarani linataka mwisho wa mkono uwe mviringo wenye kipenyo kisichopungua milimita 16, na uwe kitu kimoja na mkono wenyewe. Hata hiyo mifupi ya kijiweni, ukiiangalia vizuri, mwisho wake umeviringwa.

Kukata kwa msumeno ni kazi ya dakika mbili. Kurudisha kidonge ndiyo shughuli. Mkono ni aluminiamu ya kumimina, na fundi wa kuchomelea mageti hawezi kuichomelea kwa vijiti vyake vya chuma. Utaishia kupiga tupa kingo ziwe laini, na utabaki na ncha nyembamba.

Kuna jambo pembeni ya hili linalonifurahisha. Mikono mingine hutoka kiwandani ikiwa na mfereji mwembamba karibu na mwisho. Usidhani ni kasoro. Ni pahali palipodhoofishwa makusudi, ili ukianguka kipande cha mwisho kikatike hapo na kikuachie mkono wa kutosha kufika nyumbani. Mstari wa msumeno wa fundi wangu sasa unafanya kazi hiyohiyo bila kuombwa, ndiyo maana ule mkono nimeuweka akiba na kununua mwingine. Bei yake haizidi lita chache za petroli.

## Breki ya mbele usiiguse

Hapa sina mashaka, naandika kwa herufi nzito kichwani mwangu.

Pikipiki yangu, kama nyingi za kazi huku, ina breki ya dramu mbele, inayovutwa kwa waya. Hakuna oili ya kukuongezea nguvu. Kila kinachofika kwenye gurudumu kimetoka kwenye vidole vyako, kikazidishwa na urefu wa mkono na kile kijiti cha chini kwenye dramu. Ukiteremka kutoka Magamba kurudi mjini ukiwa na mzigo nyuma, kuna kona unahitaji vidole vyote vinne. Kufupisha mkono huo ni kuipunguzia pikipiki breki kwa msumeno.

Mwenye diski mbele ana hatari ya aina nyingine. Wapo wanaotaka mkono ukae karibu na kiganja, wakatia kitu ndani ya kiungo ili usirudi hadi mwisho. Kwenye breki ya oili, mkono ukiachiwa lazima usiguse kabisa kile kichokoo kinachosukuma pistoni ya masta silinda, yaani ile pampu ya oili iliyo kwenye usukani. Ukikisukuma hata kidogo, pistoni inaziba kitundu ambacho oili inatakiwa irudie. Breki ikipata joto oili inavimba, haina pa kwenda, na breki inajikaza yenyewe huku umeachia. Mtu wa namna hiyo anunue mkono wenye kigurudumu uliotengenezwa kwa pikipiki yake. Hapo sioni njia ya mkato.

## Spana namba 10

Basi nimefanya nini? Vitu vya kuchosha, visivyo na rangi nyekundu.

Kwanza waya. Niliuchomoa, nikautundika msumarini ukiwa wima, nikadondosha oili nyepesi juu hadi ikatokea chini. Iliyotoka kwanza ilikuwa nyeusi na ina mchanga. Bolti ya kiungo nikaifuta na kuipaka grisi. Nikarudia mizani: ilishuka zaidi ya kilo moja pale kwenye kidole cha shahada. Ningeweza kuishia hapo, na watu wengi wangepaswa kuishia hapo.

Pili, kuuzungusha. Ile klampu inayobana mkono kwenye usukani hushikwa na bolti ya spana namba 10, na ukiilegeza unaweza kuuinamisha mkono chini au kuuinua. Mikono yangu ilikuwa imeinuka mno. Kila nikikamata klachi kifundo cha mkono kilikunjwa kwenda nyuma, na kiganja kilichokunjwa hivyo hupoteza urefu wa vidole. Nilikaa kwenye kiti jinsi ninavyoendesha, nikanyoosha mkono na vidole mstari mmoja na kigasha, nikaushusha mkono wa klachi hadi ukakutana na vidole. Hapo peke yake nilipata karibu nusu ya kiungo cha kidole.

Tatu, kuusogeza ndani. Hili ndilo nililolifikiria zaidi. Badala ya kuukata mwisho wa mkono ili ulingane na vidole, unaisukuma klampu yote kuelekea katikati ya usukani, ili vidole viangukie sehemu ya nje, iliyo nyepesi. Kushoto kulikuwa na nafasi ya milimita 20. Kidole cha shahada kikahamia milimita 115 kutoka kwenye bolti, na hesabu inasema uzito unashuka takriban kwa sehemu moja ya sita. Kulia boksi la eksileta limebana, niliambulia kiduchu.

Ila wepesi huo hulipiwa. Waya unahitaji kuvutwa umbali uleule, kwa hiyo kidole kilicho mbali zaidi na bolti lazima kisafiri zaidi. Kwa mtu ambaye shida yake ya mwanzo ilikuwa umbali, hili si dogo. Nilikaa siku kadhaa nikiuhamisha nje, nikiurudisha ndani, nikitafuta pale ambapo vidole havilalamiki sana kwa upande wowote.

Kilichonitoa ni kipande cha mpira wa tyubu, unene wa milimita 2, nilichokibandika pale mkono wa klachi unapogotea kwenye klampu ukiachiwa. Milimita 2 karibu na bolti zinakuwa nyingi kwenye vidole. Mkono ukaja karibu. Kwa kuwa sasa ulikuwa unauvuta waya hata ukiwa umeachiwa, ilibidi niulegeze waya kwenye skrubu yake hadi ule ulegevu mdogo wa mkono kabla waya haujaanza kuvuta urudi, klachi isije ikashikwa nusu na kuunguza pleti.

Halafu nikajaribu, kwa sababu mpira huo umekula sehemu ya safari ya mkono, na safari ikipungua mno klachi haiachii yote. Stendi kubwa, injini imewaka na kupata moto, gia namba moja, klachi imekamatwa hadi mwisho, nakanyaga breki ya nyuma. Gurudumu lisimame bila injini kutaka kuzima, na frii ipatikane bila kupigana na gia. Ilipatikana. Ningetia mpira wa milimita 3 isingepatikana, nimeshajaribu.

## Dukani

Mkono mpya niliununua wenye mkunjo, ule unaopinda kuelekea kiganjani kabla ya kwenda nje. Muuzaji alinimwagia rundo la mikono kwenye kaunta, yote "inaingia". Na kweli yote iliingia kwenye bolti.

Nikatoa rula. Kutoka bolti hadi tundu la waya, mmoja ulikuwa milimita 28, mwingine 32. Kwa macho huwezi kuitofautisha. Ule wa 28 ungekuwa mwepesi zaidi lakini ungevuta waya umbali mfupi zaidi, na klachi yangu, yenye mpira wa kugotea, ingekataa kuachia. Wa 32 ungekuwa kinyume chake. Nikachagua wa 30 huku muuzaji akiniuliza kama nashona nguo.

Wanaume wenye viganja vikubwa wanaweza kuishi maisha yao yote bila kujua kipimo hiki kipo.

## Ya kukabidhi

Nilichokuwa nakisahau nilipokuwa nimesimama mbele ya jiriwa ni kwamba pikipiki si yangu. Ni ya halmashauri. Siku nikihamishwa, ataikalia mwingine, labda mtu mrefu mwenye vidole vya kupanda mihogo. Mpira wa tyubu utabanduka, klampu itarudi nje kwa spana ileile, mkono wa zamani upo kwenye sanduku la vifaa. Lakini mkono uliokatwa haurefuki, na sijui ningeandika nini kwenye fomu ya makabidhiano.

Kilichobaki sasa ni vioo. Kwenye pikipiki yangu, kama kwenye nyingi za aina yake, kioo cha pembeni kimefungwa kwenye klampu ileile ya mkono, kwa hiyo nilipoisogeza ndani, kioo kikaja nayo. Cha kushoto kinanionyesha bega langu na kamba ya mkoba. Barabara ya nyuma naiona kipande tu, nikiinama. Natafuta vijiti virefu zaidi vya vioo, na jamaa yangu anayekwenda Kariakoo ameahidi kuulizia. Uzi wa vijiti vya vioo vyangu ni namba 10, pande zote mbili unakaza kwa kulia. Kama umeshafunga virefu kwenye pikipiki ya sisi 150, niandikie kama vinatetemeka ukiwa gia namba nne. Na kama vyako vilitoka kwenye Yamaha, angalia kile cha kulia kwanza: uzi wake huwa wa kinyume.